Nimehamisha maji moto (sisimizi wa mitini wanaoshona majani kuwa viota) kutoka mwembeni kwenda mikoroshoni, wamepotea wote

MjukuuWaNewala:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nina mikorosho 40 hivi nje kidogo ya Newala. Msimu uliopita mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, alininyoosha, machipukizi yote yakakauka kama yamebabuliwa. Shamba la babu jirani halikuguswa, na mikorosho yake imejaa maji moto. Basi Jumamosi saa nane mchana nikapanda mwembe wa nyuma ya nyumba, nikakata viota vitatu, nikatia kwenye kiroba. Kiroba kumbe kina tundu! Nusu ya mti nilishuka, nusu niliruka. Jicho moja halikufunguka hadi jioni. Na waliofika shambani, siku ya nne sioni hata mmoja. Nimekosea wapi?

BabuKorosho:
Pole mjukuu wangu, nimecheka lakini pole. Saa nane mchana wako kazini, mti mzima wanatembea. Nenda jua likizama, au alfajiri kabla halijachomoza, wengi wamo ndani. Usipande. Chukua kigoe kirefu chenye kisu, mwenzako akinge kiroba kizima chini, tawi liingie na kiota chake, ufunge hapo hapo.

Kosa kubwa ni hilo la viota vitatu. Kundi moja lina viota vingi, hata miti kadhaa, na malkia ni mmoja tu. Ukimwacha mwembeni umebeba yatima. Vua vyote, na usivipasue kumtafuta. Usichanganye na vya mti mwingine kabla ya kujaribu: weka wachache wa huku na wa kule pamoja. Wakikamatana miguu na kuvutana, si ndugu hao.

Halafu angalia chini ya mikorosho. Ukikuta sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi vichwa vikubwa kuliko kiwiliwili, hao ndio waliowamaliza wako.

BintiWaPemba:
Kaka, maji moto hana mwiba. Anang'ata kwa taya, kisha anapinda tumbo na kukurushia tindikali pale pale kwenye jeraha. Jicho lioshe kwa maji safi mengi, usilisugue. Mikono na shingo jipake majivu, wanateleza. Kwetu tunawataka minazini, bila wao kidudu kinafyonza vidaka vinapukutika. Ila mkwezi akiwaona anadai nyongeza, na mie simlaumu.

BabuKorosho:
Kwenye korosho hilo halisumbui, tunaokota chini. Mjukuu, funga kamba kutoka mkorosho hadi mkorosho wapite juu. Wiki za mwanzo wape maji ya sukari na dagaa waliolowekwa. Na dawa ya wadudu usipulizie, utawaua wao kwanza.

MjukuuWaNewala:
Nimerudi. Juzi magharibi tumevua viota 11 kutoka mwembe ule ule, nimeumwa mara mbili tu, shingoni, nilisahau majivu. Leo asubuhi nimewakuta kwenye mkorosho wa tatu wakishona. Wameshikana viuno kama mnyororo kuvuta majani mawili yakutane, na mmoja kabana kitoto chao mdomoni, anakipeleka huku na huku kinatoa uzi mweupe. Nimesimama hapo hadi chai ikapoa. Kamba ya pili mbuzi wa jirani kaikata, naenda kuifunga tena, safari hii juu zaidi.