Mbwa kala dawa ya meno, tui la nazi linasaidia?

Mzee wa Pwani: Wakuu, habari za jioni. Mbwa wangu wa kilo 12 hivi kaitafuna dawa ya meno ya wakubwa, tyubu ya gramu 70 iliyobaki nusu. Zimepita kama dakika ishirini. Anadondosha ute, katapika mara moja. Bibi anasema nimpe tui la nazi. Nipo Mikindani.

Bwana Mifugo: Pole mkuu. Tui acha, mafuta yake yatamvuruga tumbo zaidi na kalisi (kalsiamu) yake ni haba. Mpe maziwa ya ng'ombe nusu kikombe, alambe mwenyewe. Usimmiminie, yatapita njia ya hewa. Kalisi ya maziwa huinasa floraidi, ile kemikali ya dawa ya meno inayomdhuru, tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Hesabu iko hivi: kama tyubu imeandikwa floraidi 1450 ppm (sehemu kwa milioni), kila gramu ina floraidi miligramu 1.45. Gramu 35 zina kama miligramu 50. Gawa kwa kilo 12, ni miligramu 4 na ushee kwa kila kilo. Kuanzia 1 tumbo huchafuka, kwenye 5 uhai uko hatarini. Hata ukitoa iliyomwagika sakafuni, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Mpigie daktari wa mifugo sasa.

Mama Ufuta: Na msimtapishe kwa maji ya chumvi! Chumvi nyingi ni sumu nyingine kwa mbwa, na lile povu likirudi huingia mapafuni.

Kijana wa Ligula: Soma viambato. Ukiona xylitol, ile sukari mbadala, habari ni nyingine kabisa. Sukari ya damu hushuka ndani ya nusu saa hadi saa moja: mbwa anapepesuka, analegea, anaingia degedege. Mpake asali kwenye ufizi akiwa na fahamu, chukua bajaji, nenda. Atahitaji dripu ya glukosi. Mkaa usihangaike nao, haushiki vizuri xylitol wala floraidi.

Mzee wa Pwani: Xylitol haimo. Maziwa kalamba. Daktari kasema nimpeleke mjini. Ila kifuniko cha tyubu hakionekani.

Bwana Mifugo: Beba tyubu na vipande vyote, daktari avipange aone kilichopungua. Kifuniko mwambie kabla hajapiga eksirei, maana plastiki mara nyingi haionekani humo. Mkirudi, chungulia kinyesi chake. Akitapika kila anachokula, au akijikamua bila kutoa kitu, mrudishe siku hiyohiyo.