Simu ya GB 32 imejaa, "Mengineyo" peke yake inakula GB 9. Naanzia wapi bila kuifuta simu yote?

duka_la_kona

Wakuu, salaam. Naomba muongozo kwa mnaozijua hizi simu. Ni Android 11, kwenye boksi RAM imeandikwa 2+3, hifadhi ya ndani GB 32. Kila siku naambiwa nafasi inakaribia kwisha, WhatsApp inagoma kupakua picha za wateja, na kibodi inachelewa hadi unaandika neno zima ndipo herufi zinatokea.

Mchanganuo kwenye Mipangilio > Hifadhi uko hivi: mfumo GB 12, programu GB 7, picha na video GB 3, "Mengineyo" GB 9. Iliyobaki haifiki GB 1. Nimeweka programu ya kusafisha, kila ikimaliza inajisifu imefuta mamia ya MB, baada ya saa moja hali ni ile ile.

WhatsApp zipo mbili, ya kawaida na ya Business. Meseji za wateja zisipotee, hilo ndilo sharti. Kadi ya GB 64 ninayo, bado sijaiweka: niipangilie kama hifadhi ya ndani au ya kuhamishika?

FundiSelo

Mkuu, anza kwa kuondoa hiyo programu ya kusafisha. Tangu Android 6, programu ya kawaida hairuhusiwi kufuta akiba (cache) ya ndani ya programu nyingine, na kwenye Android 11 haifiki hata ndani ya Android/data ya wenzake. Kazi kubwa inayobaki nayo ni kufunga programu zilizoko kwenye RAM, ambazo zinajiwasha tena muda huo huo na kula betri, huku ikikuonyesha matangazo.

Pili, hiyo 2+3. Zile 3 si RAM. Ni kipande cha hifadhi yako ya ndani ambacho mfumo unakitumia kama RAM ya ziada. Mwenye simu ya GB 128 hana habari nacho, ila kwako ni karibu sehemu ya kumi ya simu nzima. Hifadhi ya simu za daraja hili kwa kawaida ni eMMC (aina ya chipu ya kuhifadhia), ambayo haikaribii kasi ya RAM halisi, kwa hiyo unachopata ni kidogo kuliko unachotoa. Ingia Mipangilio, tumia sehemu ya kutafuta: Tecno na Infinix wanaiita MemFusion, Samsung wanaiita RAM Plus. Zima, kisha uwashe simu upya, maana bila hivyo nafasi hairudi. Utakachopoteza ni kwamba programu ulizoziacha nyuma zitafungwa mapema kidogo. Ikikukera, irudishe kwa kiwango cha chini kabisa kilichopo.

Sasa "Mengineyo". Kwa mtu mwenye WhatsApp mbili za biashara, sehemu kubwa ya huo mzigo ni WhatsApp, na sababu ya galari kutokuonyesha ni hii: kila unapotuma picha, WhatsApp inatengeneza nakala yake iliyobanwa na kuiweka kwenye folda inayoitwa Sent. Ndani ya folda hiyo kuna faili dogo la .nomedia linaloiambia galari isiangalie humo. Picha uliyopiga kwa kamera ukaituma ipo mara mbili, na ukiituma kupitia WhatsApp zote mbili ipo mara tatu. Tumia kidhibiti cha faili, ufuate njia hizi:

Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business/Media

Fungua WhatsApp Images, WhatsApp Video na WhatsApp Documents, kila moja ina Sent yake. Kwa duka linalotuma orodha ya bei na video za bidhaa kila siku, hapo ndipo penye uzito. Ukifuta vilivyomo kwenye Sent, meseji za maandishi haziguswi, na mteja uliyemtumia anabaki na yake. Kwako picha itabaki na ukungu ndani ya mazungumzo, basi.

Zile ulizopokea usizifute kutoka kwenye galari kwa kubahatisha. Ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio > Hifadhi na data > Dhibiti hifadhi. Juu kuna fungu la vitu vinavyozidi MB 5 na fungu la vilivyosambazwa mara nyingi. Hilo la pili futa bila huruma, ni vichekesho na salamu za asubuhi. La kwanza lipitie kwa macho, kwa sababu risiti na picha za oda zinaweza kuwemo, na kinachofutwa hapo usitegemee kukirudisha.

Ukimaliza, ziba bomba. Kwenye Hifadhi na data hiyo hiyo, sehemu ya upakuaji wa kujiendesha, ondoa alama kwenye video, sauti na hati kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Wengi huzima "mwonekano wa media" wakidhani wamemaliza. Huo unaficha tu picha zisionekane galari. Zinaendelea kushuka na kukaa.

duka_la_kona

Asante sana fundi. Nimezima hiyo RAM ya ziada na kuwasha upya, GB 3 zimerudi. Kwenye Sent za video nimekuta mzigo wa kutisha. Mambo mawili: (1) pembeni ya Media kuna folda ya Databases ina mafaili yanayofanana majina, yote makubwa. Yanafutika? (2) Kwenye DCIM, nikiwasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa, naona video zinazoanza na .trashed na namba ndefu. Hivi ni virusi?

BiMtandao

Si virusi. Kuanzia Android 11, galari nyingi ukifuta kitu hakiondoki. Kinabadilishwa jina kuanza na .trashed na kusubiri siku 30, na ile namba ndefu ni muda ambao mfumo utakifuta wenyewe. Katika siku hizo 30 kinaendelea kukalia nafasi ile ile, na kwa kuwa kimefichwa hukioni kwenye fungu la picha na video. Ndiyo maana mtu anafuta video 50 na mita haisogei. Ingia kwenye galari, fungua pipa lake, limwage. Kama unatumia Google Photos, ina pipa lake pia: kilichokwisha kuhifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60, kisichohifadhiwa siku 30.

Kuhusu Databases, hapo polepole. Faili linaloitwa msgstore.db.crypt14 (au crypt15) bila tarehe ndilo chelezo (backup) la karibuni. Hilo usiguse. Yenye tarehe katikati ya jina ni machelezo ya siku zilizopita. WhatsApp huweka hadi ya siku saba. Meseji zikiwa nyingi, kila faili linaweza kufika mamia ya MB, na unayo seti mbili kwa sababu WhatsApp ni mbili. Ya zamani yanafutika, ila acha walau moja la jana endapo la leo litaharibika. Na yatarudi, kwa hiyo usiyahesabu kama nafasi ya kudumu.

Kabla ya kufuta chochote humo, fanya chelezo la mtandaoni kwa WhatsApp zote mbili: Mipangilio > Soga > Chelezo la soga, na uondoe video kwenye chelezo. Tangu 2024 chelezo la WhatsApp kwenye Android linahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, ambazo unazigawana na Gmail na Google Photos. Akaunti ikijaa, chelezo linakwama na unaweza usijue, kwa hiyo angalia tarehe ya chelezo la mwisho badala ya kuamini tu kwamba umeliwasha.

Onyo jingine: kwenye Mipangilio ya simu > Programu > WhatsApp > Hifadhi kuna vitufe viwili. Futa akiba hakina madhara. Kile cha pili cha kufuta data kinaifanya WhatsApp iwe kama imesakinishwa leo, na utaanza kuhangaika na namba ya uthibitisho. Ni kosa la kidole kimoja tu.

Kisha pitia Xender na Telegram kama unazo. Xender huacha nakala ya kila ulichopokea kwenye folda yake, hata mafaili ya usakinishaji (APK) ya programu ulizokwisha kusakinisha. Telegram ina sehemu yake ndani ya Data na Hifadhi: weka media zikae siku 3 au wiki moja na uwekee akiba kikomo. Vitu vya Telegram vinabaki kwenye seva zao, ukivitaka unavipakua upya.

mtambo_wa_pwani

Swali la kadi halijajibiwa. Mimi nasema ipangilie kama hifadhi ya ndani, programu zihamie huko, tatizo limeisha. Android inaruhusu hilo tangu toleo la 6.

FundiSelo

Inaruhusu, ila kwa simu ya RAM GB 2 na kadi isiyojulikana daraja lake, mimi sishauri kabisa. Kadi ikipangiliwa kuwa ya ndani, mfumo unaifunga kwa usimbaji (encryption) ambao ufunguo wake uko ndani ya simu hiyo tu. Simu ikizima jumla au ukiirejesha kama ilivyotoka kiwandani, vilivyomo kwenye kadi havisomeki popote, hata kwenye kompyuta. Kwa mtu mwenye kumbukumbu za wateja hilo pekee linatosha. Samsung nyingi hata hazina chaguo hilo.

La pili ni kasi. Video inasomwa mfululizo, lakini programu inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo maelfu. Kadi yenye alama A1 imethibitishwa kufanya usomaji wa nasibu (wa vipande vidogo vilivyotawanyika) 1500 kwa sekunde na uandishi 500. A2 ni 4000 na 2000. Kadi iliyoandikwa "10" ndani ya duara imeahidi MB 10 kwa sekunde za uandishi wa mfululizo, haijasema lolote kuhusu vipande vidogo. Ukiweka programu juu ya kadi ya namna hiyo, kibodi unayoilalamikia utaikumbuka kwa wema.

Kabla ya yote, ipime. Kadi bandia zimejaa: inajitambulisha kuwa GB 64, ndani ina 8, na ikifika hapo inaanza kuandika juu ya vya mwanzo bila kusema. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia f3. Ijaribu ikiwa tupu, ijaze yote, usikatishe. Kwa MB 10 kwa sekunde, kuandika GB 64 kunachukua karibu saa moja na dakika 47, kisha inasoma tena kuhakiki. Windows ikionyesha GB 59 na ushei usishtuke, ni namna ya kuhesabu tu.

Ikifaulu, iweke kama ya kuhamishika, halafu uelekeze mambo huko: kamera (mipangilio ya kamera > mahali pa kuhifadhi), vipakuliwa vya Chrome, na muziki. WhatsApp haikubali kuhamia kwenye kadi. Unaweza kuhamisha vya zamani kwa mkono kutoka Media, ila ujue vikishahama havifunguki tena ndani ya mazungumzo. Utavisoma kwa galari.

mtambo_wa_pwani

Hoja ya usimbaji nimeipokea. Basi kwa kasi niongeze haya. Zile GB 7 za programu: ingia Mipangilio > Programu, panga kwa ukubwa. Zilizokuja na simu ambazo huzitumii, bonyeza Zima. Mfumo utauliza kama uirudishe kwenye toleo la kiwandani. Kubali, hapo masasisho yake yote na data yake vinafutika na Play Store haitayashusha tena. Umbo la awali linabaki kwenye eneo la mfumo, hilo halina namna.

Watu watakuambia utumie kompyuta na amri hii ya adb (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta):

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.kifurushi

Inafaa kwa zile zisizokuwa na kitufe cha Zima, hasa vivinjari na maduka ya programu yanayorusha matangazo. Nafasi ya mfumo hairudi, unapata utulivu. Ukikosea, unairudisha kwa:

adb shell cmd package install-existing jina.la.kifurushi

Usiguse com.android.systemui, com.google.android.gms, chochote chenye "providers" kwenye jina, wala skrini ya mwanzo kabla hujaweka nyingine. Pia com.android.stk, iache hata kama inaonekana haina kazi. Huku Kenya menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini hutokea hapo. Tanzania mnaopiga *150*00# hamtaona tofauti hadi siku mtakapoweka laini inayoihitaji.

Ili skrini ionekane nyepesi: Mipangilio > Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, zitafunguka Chaguo za wasanidi programu. Tafuta vipimo vitatu vya uhuishaji, vyote weka 0.5x. Usiguse kikomo cha shughuli za chinichini, kinachelewesha arifa za WhatsApp. Ukimaliza zima hizo Chaguo, kwa sababu baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka zikiwa zimewashwa. Ukizizima huenda vipimo vikarudi 1x. Hapo uchague kimoja.

duka_la_kona

Sent zote mbili nimemaliza, mapipa nimemwaga, programu 6 nimezima. Sasa iliyobaki wazi ni GB 10. Kibodi imetulia. Niache kiasi gani wazi ili isirudi?

BiMtandao

GB 4 hivi, usishuke chini yake. Onyo la mfumo huja zikibaki kama MB 500, na hapo umeshachelewa: kusasisha programu kunahitaji nafasi ya faili lililoshushwa, ya toleo jipya, na la zamani bado lipo mpaka usakinishaji ukamilike. Programu ya MB 150 inaweza kudai mara tatu yake kwa muda. Pia eMMC ikijaa, kila uandishi mpya unalazimika kungoja chipu ipange upya vipande vya zamani, na ule uchelewaji wa herufi kwenye kibodi ndiyo dalili yake.

Kwa matumizi ya duka, Sent ya video ipitie kila mwisho wa mwezi. Video za bidhaa unazotuma mara kwa mara, zitume mara moja kwenye mazungumzo yako mwenyewe, kisha usambaze kutoka hapo. Kusambaza hakutengenezi nakala mpya kama kuchagua upya kutoka galari.