Mercedes 200 ya W123: ralanti inatetemeka, mafuta yanavuja. Nitengeneze kabureta, ninunue Weber, ao niweke mota ya Toyota?

Benzi_ya_Tata (Lubumbashi)
Jambo ba yaya. Niko na Mercedes 200, ile W123 ya tata yangu. Ikisimama kwenye ralanti (mota inawaka bila kukanyaga petroli) inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, na kila asubuhi nakuta doa chini. Kuna mtu anarudi kutoka Ndola Jumamosi, anaweza kupitisha kabureta mpya ya Weber mpakani Kasumbalesa, dola 180. Fundi wangu wa Kampemba anasema tufungue kabureta ya zamani tuitengeneze. Shemeji anasema nitoe mota yote, niweke ya Toyota, niachane na matatizo. Nichague nini? Jibu lipatikane mbele ya Jumamosi, tafadhali.

Fundi_Ruashi
Kadogo, umeleta bei, hujaleta gari. Ya mwaka gani? Mota ni M115 ao M102? 200 za mpaka 1980 zilikuwa na M115, kisha wakaweka M102, na havifanani. Inatetemeka ikiwa baridi, ikiwa moto, ao saa zote? Doa ni la rangi gani, na linaanguka wapi: mbele, katikati, ao karibu na gurudumu? Bwati (giaboksi) ni ya mkono ao otomatiki? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia dawa anayoipenda yeye.

Weber_Tu
Mimi sihitaji hayo yote. Hiyo kabureta yako ya zamani ni Stromberg, na Stromberg ni Stromberg, itoe. Weber 32/36 iko na vijiko vyake unavyoweza kuvinunua popote, screw mbili za kurekebisha, umemaliza. Nimeiweka kwenye Peugeot 504, nimeiweka kwenye Land Rover, zote zinakwenda.

Kolwezi_Kavu
Weber_Tu, vijiko ndiyo nini? Unataka kusema jikleri, vile vitundu vya kupimia petroli? 😂

Weber_Tu
Jikleri, ndiyo. Simu inaandika yenyewe.

Fundi_Ruashi
Stromberg ya 200 inavuta hewa kwa upande. 32/36 inavuta kutoka juu. Basi utahitaji kiungo cha kona katikati, na kiungo hicho kina gasketi mbili. Mtu ambaye tatizo lake linaweza kuwa hewa inayoingia ovyo, unamuongezea sehemu mbili za kuingizia hewa. Peugeot yako si jibu la gari lake.

Kwado_Kenya
Nyinyi mnabishana kabureta wakati shemeji ameshasema ukweli. Hapa Lubumbashi, soko la Kenya, pyesi (vipuri) za Toyota ziko kila kibanda, mpya na okazyo (zilizotumika). Pyesi za M115 unazitafuta kwa ndugu wa Ubelgiji.

Tata_Bel_Air
Kijana, kuweka mota ya Hilux ndani ya W123 ni kuharibu magari mawili. Utachomelea viti vya mota upya, utakata shafti, dashibodi haitasoma tena, na siku PCR (polisi wa barabarani) wanapofungua boneti utaeleza kwa nini namba ya mota si ile ya karte roze (kadi ya gari). Halafu ukiuza, nani atanunua? Anayetaka Benzi hataki Toyota, anayetaka Toyota hataki Benzi.

Kwado_Kenya
Mzee, heshima yako. Lakini Benzi inayolala garaje nayo haiuziki.

Benzi_ya_Tata
Samahani, jana umeme haukuwako. Ni ya 1978. Bwati ya mkono. Inatetemeka zaidi ikiwa moto. Doa liko katikati, jekundu-jekundu hivi, na kuna lingine jeusi mbele kidogo. Nashangaa hilo jekundu, maana mafuta mekundu ni ya otomatiki, na yangu si otomatiki.

Fundi_Ruashi
Sasa tunaongea. 1978 ni M115. Na hilo jekundu lisikushangaze: bwati ya mkono ya W123 inakunywa yale yale mafuta mepesi ya otomatiki. Mafundi wengi hapa wanaimwagia mafuta mazito ya bwati, kisha mwenye gari analia vitesi ni vigumu asubuhi za Juni. Angalia siri (mpira wa kuzuia mafuta) ya nyuma ya bwati, pale shafti inapotokea. Kama gari lina direksyo (usukani) ya mafuta, pangusa kwanza boksi la usukani na mipira yake, maana upepo wa safari unayasukuma mafuta nyuma na kukudanganya. Osha chini kote, endesha kidogo, weka katoni chini usiku.

Jeusi ni la mota. Anza juu: gasketi ya kava ya valvu. Mafuta yanatelemka kutoka huko na kila mtu anasema siri ya nyuma ya mota imekufa.

Ralanti: acha mota ipate moto, kisha bana kwa koleo (weka kitambaa, usikate mpira) ule mpira mnene unaokwenda kwenye sevo ya breki (ile inayosaidia mguu kwa kuvuta hewa ya mota). Ikitulia, umepata. Kama milango yako inajifunga yote kwa ufunguo mmoja, bana na ule mpira mwembamba pia. Gari hizi hazifungi milango kwa umeme, zinafunga kwa kuvuta hewa kutoka kwenye mota. Kiwambo kimoja (ngozi ya mpira) kikipasuka ndani ya mlango na valvu ya kuzuia imechoka, mota inapumulia mlangoni.

Kolwezi_Kavu
Ongeza hili: toa buji (plagi za cheche) uone. Zikiwa nyeusi za masizi makavu, petroli ni nyingi. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, huku kwetu Kolwezi ni juu zaidi, hewa nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa miji ya pwani inamwaga petroli nyingi kwetu. Weber mpya kutoka dukani haitajua uko wapi, utabadilisha jikleri tu. Na unanunua petroli wapi? Kama ni ya kadafi (muuza petroli) wa barabarani, mwaga kidogo kwenye chupa nyeupe, uone kama maji yanakaa chini.

Mama_Golf
Niongeze la kwangu, kwa sababu naona watu wanasema gasketi kama kitu kidogo.

Sisi tulikuwa na 230, mota ya ukoo huo huo. Ilivuja mbele na chini ya karta (bakuli la mafuta la mota). Garaje moja hapa mjini (jina naliacha) wakasema hamna haja ya gasketi mpya, watapaka silikoni. Nyekundu, tyubu nzima. Siku wanaikabidhi, sehemu zote za kuungana zilikuwa na mdomo mwekundu unaotokeza nje kama wa mtu aliyekula pilipili. Nikauliza, kama imetokea nje hivi, ndani je? Wakacheka, wakaniambia mama, hiyo ndiyo nguvu yake.

Haikuvuja, kweli. Tukaenda Likasi kwenye harusi. Mnajua ile sindano ya presha ya mafuta kwenye W123, inapanda mpaka 3 na ukitembea inakaa hapo hapo juu. Kupita katikati ya njia naona iko 2. Namwambia mume wangu, anasema sindano ni ya zamani. Kisha 1. Kabla ya Likasi ikalala kwenye sifuri, na mota ikaanza kugonga. Tukazima, tukavutwa kwa kamba, nimevaa kikwembe cha harusi.

Karta ilipofunguliwa, chujio la pompi ya mafuta lilikuwa limezibwa na nyuzi nyekundu. Ile midomo ya ndani ilikatika yote, ikaogelea mpaka pale. Kusineti (beringi za ndani ya mota) zilikwisha, vilebrekeni (shafti kuu ya mota) ilipigwa mistari. Garaje ikasema ni kwa sababu tulikimbiza gari. Mpaka leo nikiona fundi ana tyubu mfukoni, nachukua ufunguo wangu.

Tata_Bel_Air
Pole, mama. Silikoni si mbaya, ubaya ni kiasi. Ila kava ya valvu na karta, gasketi yake ipo na si ghali.

Weber_Tu
Ndiyo maana nasema vitu vipya tu!

Fundi_Ruashi
Bandia mpya nayo ni mpya. Nimeona sindano ya kuelea ya kabureta (inayofunga petroli) ikiganda, petroli ikamwagika usiku mpaka ikaingia kwenye mafuta ya mota. Ukichomoa dipstiki inanuka petroli na kipimo kimepanda. Ukiona hivyo usiwashe.

Benzi_ya_Tata
Nimebana mpira wa breki: hakuna kitu. Nimebana ule wa milango: imetulia kidogo, si yote. Fundi wa Kampemba akafungua skrubu nne za juu ya Stromberg, kiwambo cha mpira kikishikwa kwenye mwanga kina mpasuko kama wa ukucha. Buji mbili nyeusi, mbili za kahawia. Doa jekundu bado sijui, katoni ilichukuliwa na watoto. Tatizo, yule wa Ndola amekwisha kulipa Weber.

Fundi_Ruashi
Nani alimwambia alipe?

Kwado_Kenya
Shemeji 😂

Kolwezi_Kavu
Yaya, ukiamua kuweka Weber, ile Stromberg usiitupe. Kiwambo natafuta mwenyewe. Niambie bei.

Tata_Bel_Air
Kiwambo cha Stromberg ninacho kimoja ndani ya pakiti yake. Lakini siuzi, nabadilishana na taa ya nyuma ya kushoto ya W123, isiyopasuka.

Mama_Golf
Taa ninayo. Ya kulia lakini.