Kutua kwa otomatiki kwenye simuleta ya nyumbani: kunamjenga rubani au kunamlemaza?

Mleta mada

Ndugu zangu wa Kampala, Entebbe, Soroti na kwingineko, nawaletea hoja hii tuijadili waziwazi. Vijana wengi wanaorusha ndege kwenye kompyuta nyumbani humaliza kila safari kwa kuiachia otopailoti (mtambo unaorusha ndege wenyewe) hadi magurudumu yaguse lami. Wanasema huo ndio uhalisia, maana ndege kubwa za leo hujitua zenyewe. Mimi napinga. Napendekeza vikundi vyetu vya simuleta visiuhesabu utuaji wa otomatiki, ila pale tu ambapo rubani wa kweli angeruhusiwa kuutumia.

Tuanze na sababu ya mfumo huu kuwepo. Tarehe 10 Juni 1965, ndege aina ya Trident ya shirika la BEA la Uingereza ilitoka Paris na kutua Heathrow ikiwa na abiria, na ni mtambo ulioinua pua yake na kuigusisha njia ya kutulia. Waingereza walihangaika hivyo kwa sababu ya ukungu wao. Mfumo ulizaliwa ili ndege itue pale jicho lisipoona, na hadi leo kazi yake kubwa ni hiyo. Siku za kawaida marubani wa mashirika hutua kwa mikono.

Tazameni mipaka ya Airbus A320 ikitua kwa otomatiki: upepo wa mbele noti (maili za baharini kwa saa) 30, wa ubavuni 20, wa nyuma 10. Kwa mkono, ndege hiyohiyo imethibitishwa kutua katika upepo wa ubavuni wa noti 33 unaovuma kwa mikupuo hadi 38. Maana yake, upepo ukichafuka mtambo hukaa pembeni na mtu hushika. Nyumbani tunafanya kinyume: mvua ya radi ikiingia kwenye simuleta, kijana anakimbilia kitufe cha APP, kinachoiamuru otopailoti ifuate mawimbi ya kutua. Na hali ya hewa ya Entebbe inajulikana. Tatizo letu kubwa ni ngurumo za alfajiri zinazotoka ziwani, na upepo unaobadilika ghafla karibu na ardhi.

Mchangiaji wa kwanza (mkufunzi wa simuleta za ndege kubwa)

Ssebo, historia umeieleza vizuri, lakini hitimisho lako silikubali. Unataka kijana atue kwa mkono nyumbani ili apate mkono wa rubani. Mkono huo haupatikani pale.

Chukua Cessna 172 ya kweli. Ukiivuta kwa usukani, unahisi uzito. Ukizungusha gurudumu la trimu (kifaa cha kusawazisha pua), uzito huo unakwisha na usukani unabaki palepale ulipouweka. Kijiti cha mezani kina springi inayokirudisha katikati daima. Ukiweka trimu kwenye simuleta, inabidi wakati huohuo ukiachie kijiti kirudi katikati, la sivyo pua inapanda mno. Mwanafunzi aliyezoea hivyo akiingia kwenye ndege halisi anasukuma na kuvuta bila kukoma, kwa sababu mkono wake haujui kutafuta uzito. Ongeza na kioo kimoja cha inchi 24: pembe za macho hazioni kitu, na kimo cha kuinua pua hupimwa kwa sehemu kubwa kwa pembe za macho hizohizo, huku macho yenyewe yakitazama mwisho wa njia. Kiti hakitikisiki. Masikio hayapati habari yoyote ya mwendo.

Kinachofundishika vizuri nyumbani ni utaratibu, na kutua kwa otomatiki ni utaratibu mgumu kuliko watu wanavyodhani. Tutumie Boeing 737 iliyotengenezwa kwa uangalifu kwenye simuleta:

Weka masafa ya ILS (mfumo wa redio wa uwanjani unaoiongoza ndege kutua) kwenye redio za urambazaji NAV 1 na NAV 2, zote mbili, na mwelekeo wa njia upande wa kushoto na wa kulia. Hapa ndipo wengi hukosea, wanaweka upande mmoja tu. Ingia kwenye boriti ya mteremko (mawimbi ya ILS yanayoonyesha pembe ya kushuka) kutokea chini, kamwe usiifukuze kutokea juu. Bonyeza VOR LOC, subiri lokalaiza (mawimbi ya ILS yanayoonyesha mstari wa katikati wa njia) ishike, kisha APP, halafu CMD ya pili (kitufe cha kuwasha otopailoti ya pili). Kwa muda utaona maneno SINGLE CH, yaani otopailoti moja tu ndiyo inayoongoza. Chini ya futi 1,500 za altimita ya redio (kipimo cha kimo kutoka ardhini) maneno hayo hutoweka, na neno FLARE hutokea kwa rangi nyeupe, yaani hatua ya kuinua pua imejiandaa. FLARE isipotokea hadi futi 500, huna kutua kwa otomatiki: ama uone njia na kushika mwenyewe, ama upae tena. Karibu na futi 50 pua inaanza kuinuka, futi 27 nguvu ya injini inapungua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vingi vya wanaoanza havilisemi. Karibu na futi 400, 737 huongeza trimu ya kuinua pua ili ijiandae kupaa tena. Ukizima otopailoti baada ya hapo, pua inakurukia juu na lazima uisukume mara moja. Wanaozima kwenye futi 200 “ili nimalizie mwenyewe” hushangaa kwa nini ndege inaelea nusu ya njia. Na 737 nyingi hazina mfumo wa kushika mstari wa katikati baada ya kugusa, kwa hiyo otopailoti izimwe mara tu magurudumu yakikaa, miguu iwe kwenye pedali.

Anayeyajua haya yote, utamwambia hakurusha ndege?

Mchangiaji wa pili (fundi wa elektroniki za ndege)

Nyote wawili mnazungumzia rubani. Mimi nazungumzia boriti yenyewe, kwa sababu uongo mkubwa wa simuleta uko hapo.

Nyumbani, lokalaiza ni mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kwenye uwanja halisi ni mawimbi ya redio, masafa ya MHz 108.10 hadi 111.95, yanayotoka kwenye antena iliyo ng'ambo ya mwisho wa njia. Lori likipita mbele yake, au ndege nyingine ikipaa juu yake, mawimbi yanapinda. Ndiyo maana wakati wa ukungu waongozaji ndege huweka utaratibu maalumu: wanalinda eneo la antena na kuongeza nafasi kati ya ndege na ndege. Siku ya jua hawafanyi hivyo, kwa kuwa hakuna anayehitaji.

Tarehe 3 Novemba 2011 huko Munich, Boeing 777 ya Singapore Airlines ilikuwa inatua kwa otomatiki katika hali ya hewa isiyodai utaratibu huo, na eneo la antena halikuwa limelindwa. Ndege ndogo ya jeti iliyokuwa inapaa mbele yake ikapita kwenye lokalaiza. Boriti ikapinda, 777 ikaifuata kwa utiifu, ikatoka nje ya njia upande wa kushoto, ikakatiza tena hadi majani ya upande wa kulia ikasimama. Hakuna aliyeumia vibaya. Simuleta gani ya nyumbani inakuonyesha hilo? Unaweza kutua mara elfu moja na boriti isitetereke hata kidogo.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Tarehe 25 Februari 2009, 737 ya Turkish Airlines ikikaribia Amsterdam, altimita ya redio ya kushoto ilisoma futi 8 chini ya sifuri ilhali ndege ilikuwa juu sana. Otothrotali, mtambo unaorekebisha nguvu ya injini, ikaamini ndege inagusa njia, ikarudisha injini kwenye nguvu ya chini kabisa. Mwendo ukapungua bila marubani kuliona hilo mapema, ndege ikaanguka, watu 9 kati ya 135 wakafariki. Anayejifunza kwamba mtambo “unatua wenyewe” hajafundishwa kutazama mwendo na vishikio vya injini hadi sekunde ya mwisho.

Kwa hiyo pendekezo langu: ukifanya kutua kwa otomatiki nyumbani, mwenzako akae pembeni akiharibu kitu bila kukuambia. Simuleta nyingi zina ukurasa wa hitilafu. Azime altimita moja ya redio kwenye futi 900. Azime boriti ya mteremko kwenye futi 600. Kama hukupaa tena ndani ya sekunde tatu au nne, zoezi halijafaulu, hata kama ndege ilitua.

Mchangiaji wa tatu

Swali kwa fundi: otopailoti yangu ya A320 hujizima yenyewe karibu na futi 1,000, na wakati mwingine ndege huyumba kushoto na kulia kwenye lokalaiza. Ni hitilafu ya programu?

Mchangiaji wa pili

Mara nyingi ni vifaa. Kijiti cha zamani chenye vipimo vilivyochakaa hutuma miguso midogo hata kama hujakishika, na Airbus ikiona kijiti kimesogea vya kutosha huzima otopailoti. Weka eneo mfu (sehemu ya katikati ambayo kusogea kwa kijiti hakuhesabiwi) la asilimia 5 hivi. Hakikisha vishikio vya injini viko kwenye alama ya CL (ya kupanda) na havichezi. Zima misaada yote ya simuleta, hasa usukani wa mkia wa otomatiki, kwani unapigana na otopailoti. Kuyumba kwenye lokalaiza chanzo chake huwa picha zinazopungua chini ya 20 kwa sekunde: hesabu za otopailoti zinachelewa, inasahihisha kupita kiasi. Punguza mawingu na magari ya uwanjani kabla hujapunguza kitu kingine. Mwisho, angalia kama mandhari ya uwanja uliyoongeza yanalingana na data yako ya urambazaji. Njia ikisogezwa mita chache na ILS ikabaki pale ilipokuwa, utatua kwenye majani kila siku.

Mchangiaji wa nne (mwalimu wa ndege ndogo)

Mjadala wenu ni mzuri, lakini nawauliza: kijana wa Uganda anajiandaa kwenda kutua wapi? Viwanja vidogo vya Kihihi, Pakuba, Kidepo. Huko hakuna ILS, na ndege inayokwenda ni ya injini moja au mbili za propela. Shirika letu la Uganda Airlines linarusha jeti ndogo ya CRJ900 na Airbus kubwa ya A330-800. Ya pili inaweza kutua kwa otomatiki, lakini CRJ kwa kawaida haina uwezo huo wa Airbus. Anayetoka shule ya urubani ya Soroti atapitisha miaka kabla hajaonja kitufe hicho.

Kuna jambo moja ambalo simuleta ya nyumbani inalihesabu kwa usahihi na hamlitumii: mwinuko wetu. Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida la kimataifa kwa kimo hicho ni kama nyuzi 7. Mchana kukiwa nyuzi 27, tofauti ni 20, na kila nyuzi moja huongeza takriban futi 120. Hewa inakuwa nyembamba kama ya futi 6,100 hivi. Ukikaribia kwa noti 65 kwenye kipimo, mwendo wako wa kweli ni kama 71. Nguvu ya mwendo ya kuimaliza kwa breki imeongezeka kwa karibu asilimia 20, na urefu wa njia haukuongezeka hata hatua moja. Kwa jeti ya noti 140, kushuka kwenye mteremko wa nyuzi 3 bila upepo kunadai karibu futi 765 kwa dakika badala ya 700. Aliyefanya mazoezi yake yote kwenye viwanja vya pwani vya Ulaya atajiona yuko juu ya mteremko kila mara na hatajua sababu.

Nakubaliana na mkufunzi kwamba mkono haujengwi mezani. Lakini uamuzi unajengeka. Huko San Francisco, tarehe 6 Julai 2013, boriti ya mteremko ilikuwa imezimwa kwa ajili ya ujenzi na anga lilikuwa safi. 777 ya Asiana ilikuja chini mno na polepole mno, ikagonga ukuta wa bahari, watu 3 wakafa. Wachunguzi walitaja kuitegemea mitambo ambayo marubani hawakuielewa kikamilifu. Na sisi tuna la kwetu: mwaka 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines ilianguka Roma katika ukungu, watu 33 kati ya 52 wakafa, baada ya majaribio ya kutua yaliyoshindikana. Mtu anayetaka uhalisia aanze na kupaa tena, na kuamua mapema ni wakati gani atakwenda uwanja mwingine na akiwa na mafuta kiasi gani.

Mchangiaji wa tatu

Na saa za nyumbani zihesabiwe kwenye leseni?

Mchangiaji wa nne

Hapana. Kiambatisho 1 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwa kawaida kinadai saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi, na za simuleta zinazoweza kuhesabiwa hazizidi 5, tena kwenye kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka, chini ya mwalimu. Kompyuta ya sebuleni haimo.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mkufunzi amenishawishi kuhusu springi na trimu: sitasema tena kwamba kutua kwa mkono nyumbani ni mtihani wa mkono. Lakini hoja yangu ya msingi naishikilia, na fundi ameipa nguvu, kwamba kutua kwa otomatiki bila masharti yake ni mchezo mwingine kabisa. Basi nabadilisha pendekezo liwe hivi. Mwanakikundi anayetaka utuaji wa otomatiki uhesabiwe aandike kabla ya kuruka: umbali wa kuona, upepo na mipaka ya ndege yake, ILS ipi, na kimo atakachoamua kupaa tena. Upepo ukivuka mipaka, ashike mwenyewe au aende kwingine. Mwenzake apewe ukurasa wa hitilafu. Na kwa kila utuaji mmoja wa namna hiyo, afanye mmoja kwenye kiwanja kisicho na ILS, mchana wa joto, akiwa amehesabu mwendo wake wa kweli kwenye karatasi.

Mwalimu, ukiwa na nafasi, tuwekee vipimo vya ndege ndogo ya Cessna Caravan kwa Kidepo, uzito ukiwa kamili, tuanze na hicho Jumamosi.