Lambo letu linakauka Agosti, tuongeze tuta au tufanyeje?

Nyanda_Kishapu: Wakuu habari za jioni. Huku kwetu Kishapu tuna lambo la udongo la zamani, wazee wanasema enzi zao lilikuwa linafika mpaka mvua za Novemba, siku hizi Agosti tu ng'ombe wanakanyaga tope na akina mama wanarudi kufukua mchanga mtoni. Mkutano wa kijiji umeamua tuchange tukodi katapila tuongeze tuta mita moja na nusu. Imekaaje hii?

fundi_malambo: Msianze kwanza. Mkiongeza tuta na utoro (ile njia ya pembeni ya kutolea maji lambo likijaa) ukabaki pale pale hamjapata hata ndoo moja ya ziada, maji yatatokea kimo kile kile. Mkiziba utoro ndo balaa, ije mvua kubwa usiku yapite juu ya tuta, tuta la udongo likishapitiwa juu linakatika. Na hata mkipandisha vyote, huko ni tambarare, maji yatatanuka tu kwenye mbuga yawe mapana bila kina, jua linakula milimita 5 mpaka 6 kwa siku, piga hesabu Mei mpaka Oktoba ni kama mita nzima imeenda hewani. Shida yenu ni tope. Fukueni likikauka, ila msitoboe mfinyanzi mkakuta kichanga chini, litavuja. Tope mlimwage mbali, ukilirundika ukingoni mvua ya kwanza linarudi lote.

mama_Meatu: Sisi tulifukua likajaa tena fasta tu, ng'ombe wanaingia mpaka katikati. Zungushieni minyaa, mtoe bomba mpaka kwenye birika nje, na kule juu maji yanakotoka rudisheni ngitili (yale malisho ya kutengwa yapumzike nyasi na miti vikue), si ndo kazi waliyoifanya HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuanzia 1986? Watoto nao wasiogelee humo, kichocho kipo.

Nyanda_Kishapu: Uzio wenye mifugo mingi watagoma aisee

mama_Meatu: Sungusungu wapo kwa kazi gani 😀

fundi_malambo: Halafu pitieni Bodi ya Maji Bonde la Kati pale Singida kabla ya katapila, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali. Kwenye tuta kuna miti?

Nyanda_Kishapu: Ipo, mikubwa, watu wanakaa kivulini

fundi_malambo: Hiyo mizizi ikioza ndani ya tuta inaacha njia ya maji. Msiing'oe, mtabomoa tuta, mwambieni mhandisi wa bonde aione akija. Juu ya tuta pandeni nyasi tu.