Sheera alijenga kweli, au tunamkuza?

Wapendwa, naomba tulijadili hili kwa moyo mweupe. 1 Mambo ya Nyakati 7:24 inasema Sheera, binti wa nyumba ya Efraimu, alijenga Beth-horoni wa chini, Beth-horoni wa juu na Uzen-sheera. Miji mitatu, mstari mmoja, basi. Sijawahi kumsikia akihubiriwa. Tukifika kwenye orodha za majina, msomaji wa zamu huambiwa aruke.

Anzeni mstari wa 21. Ezeri na Eleadi wanauawa na watu wa Gathi kwa ajili ya mifugo. Efraimu anaomboleza siku nyingi, ndugu zake wanakuja kumfariji. Mtoto anayezaliwa baadaye anaitwa Beria, kwa kuwa mabaya yameipata nyumba. Yaani ni kama matanga hayajaanuliwa, mara anatajwa binti, na huyu anajenga. Mimi hapo hufunga kitabu kwanza.

Tena si mahali pa pembeni. Beth-horoni ndiyo vijiji vya Beit Ur vya leo, wa juu na wa chini, vilivyo kwenye mpando wa njia itokayo pwani kwenda Yerusalemu. Ndiko Waamori walikokimbilia mbele ya Yoshua, mvua ya mawe ikiwapiga.

*Jibu:* Bwana asifiwe, dada. Lakini Efraimu alizaliwa Misri. Binti yake angejengaje Kanaani kabla ya Yoshua? Na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, haina binti hapo, inasoma "waliosalia". Hata tukimkubali, "alijenga" si lazima awe yeye. Mafundi ndio waliojenga.

*Jibu:* Asifiwe, mtumishi. Hoja ya miaka ni nzito, siikwepi. Wapo wanaomfanya binti wa Beria, ila kizazi kimoja hakitutoi Misri. Ninachoona ni kwamba orodha hizi huruka vizazi, na "binti", kama "mwana", huweza kuwa mzao wa mbali.

Kuhusu Septuaginta, jina Sheera na neno la Kiebrania la masalio yanakaribiana sana kwa herufi. Naamini mfasiri aliteleza hapo. Kiebrania chenyewe kina "binti yake", na kitenzi kinachofuata ni cha kike. Sisi tukisoma "akajenga" hatuoni, maana Kiswahili chetu hakitofautishi mume na mke kwenye kitenzi. Ndiyo maana wengi tunapita tu.

Na hilo la mafundi: 2 Mambo ya Nyakati 8:5 inasema Sulemani alijenga Beth-horoni hiyohiyo, wa juu na wa chini, kwa kuta, malango na makomeo. Miaka yote niliyokaa kanisani sijasikia mtu akiuliza kama Sulemani alishika jiwe. Kwa nini Sheera aulizwe?