Hivi gereji za Dar mnajua pampu ya mafuta inafungwa na mpira gani, au mnabahatisha na roho zetu?

Wakuu, nimechoka. Kama wewe ni fundi na utakwazika, kwazika tu, leo sina breki.

Gari langu ni Mark II JZX110, injini 1JZ-GTE. Nilipoongeza presha ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), pampu ya kiwandani ikawa haimudu tena, nikanunua ya kuzama tankini, ile ya lita 255 kwa saa. Nikaipeleka gereji moja (jina naliacha, sitaki mods wafunge uzi) inayojitangaza mitandaoni kwa video za magari yanayotema moto kwenye ekzosi. Wakafunga, nikalipa, nikaondoka.

Basi ndiyo mateso yakaanza. Asubuhi unapiga selfu mpaka betri inakuonea huruma ndipo gari liwake. Barabarani, ukikanyaga na tabo ikajaza, linakatakata na kukosa nguvu. Kwenye foleni ya Mandela, vioo vimefungwa na AC inapuliza, ndani kunanuka petroli hadi kichwa kinauma. Nikarudi kwao. "Bosi, pampu uliyoleta ni feki, sisi tunayo orijino." Nikanunua yao. Hali ileile. "Basi nozeli chafu." Nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, zikasafishwa kwa hela yangu. "Plagi hizo, bosi." Hela tena. Kila kitu kwenye gari kilisingiziwa, isipokuwa kazi ya mikono yao.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Keko ambaye hana ukurasa wala video. Hakuuliza nimenunua pampu wapi. Aliunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, akawasha gari, akalizima. Mshale ukashuka hadi sifuri huku tunauangalia. Pampu nzima ina vali inayozuia mafuta yasirudi tankini, kwa hiyo ukizima gari presha inapaswa kukaa juu kwa muda. Ikianguka namna ile, mshtakiwa ni vali hiyo, au reguleta (inayopanga presha ya mafuta), au nozeli inayovuja, au mpira uliotoboka humohumo tankini. Akabana mpira wa kurudisha mafuta, presha ikaanguka vilevile, kwa hiyo si reguleta. Akachomoa nozeli na reli yake (bomba linalozigawia mafuta), zote kavu. Akasema tufungue tanki.

Kile kipande kifupi cha mpira kinachotoka kwenye pampu kwenda kwenye bomba la kifuniko kilikuwa kimevimba, kimelegea, na kimepasuka palepale kilipobanwa na klipu. Nusu ya mafuta yalikuwa yanasukumwa na kumwagika humohumo tankini. Pampu zote mbili hazikuwa na kosa. Nilinunua pampu ya pili kwa sababu ya mpira mfupi kuliko kidole changu!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo tunapopigwa. Mipira ya petroli hailingani. Ubavuni mwa mpira halali kuna maandishi. SAE 30R7 (SAE ni kiwango cha ubora) ni ya presha ndogo, mwisho wake PSI 50 (PSI ni kipimo cha presha), na ndiyo inayofaa kabureta (mfumo wa zamani wa mafuta usio na nozeli), ambayo inaomba PSI 3 hadi 7 tu. SAE 30R9 ni ya injini za nozeli, inabeba PSI 100. Njia ya mafuta ya gari la nozeli inafanya kazi kwenye PSI 43 hivi. Ukiwa na tabo, reguleta inapandisha presha ya mafuta kadiri tabo inavyojaza: tabo ikijaza presha ya baa moja (karibu PSI 15), unafika karibu PSI 58. Yaani huo mpira wa kabureta tayari umevuka mwisho wake, na hapo bado hujahesabu joto la boneti wala jua la Dar.

Halafu hata R9 haifai kuzamishwa. Ganda lake la nje limetengenezwa kustahimili joto na hewa, halikutengenezwa kuogelea kwenye petroli. Ya kuzama ni 30R10, imeandikwa hivyohivyo ubavuni. Changu hakikuwa na herufi hata moja. Nilipomuuliza fundi wa video, akanijibu bila aibu: "Bosi, mpira ni mpira tu."

Ni mpira tu! Mwambie daktari damu ni damu tu uone atakavyokutazama.

Tukafungua na boneti. Bomba la chuma la kiwandani lilikuwa limekatwa kwa msumeno, halafu mpira ukachomekwa juu ya kipande kilichobaki. Bomba linalovalishwa mpira linatakiwa liwe na kituta mwishoni ili mpira usichomoke. La kwangu lilikuwa laini kama lilivyotoka kwenye msumeno, kinachozuia mpira ni klipu ya parafujo pekee, ile yenye matundu ya kuzungusha. Klipu hizo ni za bomba la maji la rejeta. Ukizikaza, matundu yanauma mpira na kuukata polepole. Za petroli ya presha ni laini kwa ndani, kingo zimekunjwa, zinakazwa kwa bolti na nati. Hazigharimu kitu cha kumfanya mtu afilisike.

Kwenye fitingi za AN (aina ya viungio vya kukaza vya njia ya mafuta) ndiyo usiseme. Mdomo wa AN una pembe ya digrii 37 na unaziba kwa chuma kukaa juu ya chuma, uzi wa kukazia kazi yake ni kuvuta tu. Hautaki tepu. Hawa jamaa wamezungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, vipande vikakatika na kwenda kwenye reli. Ndiyo maana "nozeli chafu"! Wamechafua wenyewe, kisha wakanitoza kuzisafisha. Mdomo mmoja hata haukuwa wa AN, ulikuwa wa shaba wa digrii 45, zile za mafundi friji. Zipo saizi ambazo nyuzi zake zinaingiliana vizuri kabisa, unakaza na unaridhika, lakini midomo haijakaa. Na kwenye bolti za filta walirudishia washa zilezile za zamani, zilishabonyea, kisha wakakaza kwa hasira mpaka uzi ukaanza kulika.

Trafiki akinisimamisha anauliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu, na mimi ninavyo. Huo mtungi ungenisaidia nini petroli ikirusha juu ya ekzosi ya tabo nikiwa katikati ya daraja la Kijazi?

Wauza spea nao msijifiche. Pale Gerezani niliingia maduka nikiuliza R10, wengi wakanitolea mpira wa kawaida na kuapa kwa jina la Mungu. Mmoja akaniletea wenye nyavu za chuma zinazong'aa, "huu wa mashindano, bosi." Nikafunua nyavu pale kaunta: ndani mpira laini usio na maandishi, umevalishwa tu. Ubaya wa nyavu hizo ni kwamba mpira ukichanika huoni mahali unapovujia. Na ukiupata wa kweli wenye teflon ndani, unataka fitingi zake maalumu, za mpira wa kawaida hazishiki. Muuzaji hakwambii hilo, anakuuzia zote pamoja na kukutakia safari njema.

NYONGEZA: Mnaoniambia "nani alikutuma uongeze tabo," someni tena. Kuna Noah na IST ngapi humu mjini zimebadilishwa pampu kwa mpira wa kukata kwa mita? Presha ya nozeli hao nao wanayo.

Gereji nimewaandikia nataka hela ya pampu ya pili na ya kusafisha nozeli. Wamesoma, kimya. Picha za mpira uliopasuka, klipu na tepu ninazo zote, na vipande vyenyewe nimevihifadhi kwenye kopo.

Ninachoomba kwenu: aliyenunua R10 ya kweli hapa Dar, hata kipande cha sentimita 30, aweke picha ya maandishi ya ubavuni na bei aliyolipa, hapahapa kwenye uzi ili kila mtu aone. Na tafadhali, asije mtu na "njoo inboksi mkuu."